Kodi Iliyodaiwa Tumboni mwa Ng'ombe

Watu wa siku hizi wakianza kulalamikia kodi, mimi huwasikiliza kwa adabu, halafu nawauliza: nyie mmewahi kudaiwa mimba ya ng'ombe? Hunitazama kwa huruma, wakidhani uzee umenipanda kichwani. Basi acha niseme yote mara moja, niwaondolee shaka.

Ilikuwa miaka ya thelathini, enzi za Mwingereza, wakati bei ya karanga ilipoanguka vibaya hata wakulima wakaona afadhali wazile wenyewe. Nilikuwa na miaka michache tu katika ndoa, naishi Cheyo hapa Tabora, na mume wangu alikuwa mtu wa reli. Kila kilichokuwamo nyumbani kilikuwa chake. Kitanda chake, sufuria zake, taa yake. Hata kuku walioletwa na shangazi yangu nilimsikia siku moja akiwaita kuku wake. Changu mimi kilikuwa kimoja tu, ng'ombe jike mwekundu mwenye paji jeupe, ambaye baba yangu alinipa siku ya harusi, akiwa bado mtamba. Siku nyingi hazikupita baba akafariki. Kwa hiyo huyo hakuwa ng'ombe tu kwangu, na anayetaka kunicheka kwa hilo na acheke.

Cheyo hapakuwa na mahali pa kumlisha. Nilimwacha kwetu Choma, ambako siku hizo kulihesabiwa upande wa Nzega, kwa rafiki wa baba, mzee aliyefuga ng'ombe wa watu tangu ujana wake. Desturi hiyo kwetu ni ya kale. Mwenye ng'ombe humpa mwenzake amfugie. Mfugaji hunywa maziwa, hutumia samadi shambani, na ng'ombe akizaa mara kadhaa hupewa ndama mmoja awe wake. Mimi na mzee tulipatana mbele ya baba: ndama wa kwanza na wa pili wangu, wa tatu wake. Wa kwanza alikufa kwa ugonjwa. Wa pili nilimuuza, nikanunua cherehani, na hiyo nayo mume wangu aliiita cherehani yetu. Sasa yule mwekundu alikuwa na mimba ya tatu.

Mzee mgongo ulikuwa umeshaanza kupinda kwa kulisha mali za watu, naye hajapata kuwa na ng'ombe wake mwenyewe akamwona anakua. Kila alichopewa kilikufa, au kilikwenda kwenye mahari ya wanawe. Majirani walimtania: "Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume." Alicheka nao, lakini asubuhi na jioni alipitisha mkono tumboni mwa yule mwekundu. Mkewe ndiye aliyeniambia hayo.

Kuna jambo la pili katika desturi hiyo, na ndilo lililotuletea balaa. Mfugaji mwenye adabu hatangazi kwamba ng'ombe wa zizini mwake ni wa fulani. Kutangaza ni kumwanika mwenye mali, ajulikane kwa wenye husuda na kwa wakopaji. Mpita njia akiuliza, "Ng'ombe huyu wa nani?" jibu ni moja: "Wetu." Kila mtu anajua jibu hilo lina maana gani. Kila mtu, isipokuwa serikali.

Habari ilinifikia kwa dereva wa lori la karanga. Alisimama mlangoni kwangu bila hata kuzima injini, akasema, "Mama, mzee wa Choma anakusalimu. Anasema ng'ombe wako kakamatwa kwa kodi. Atanadiwa Jumamosi."

"Kodi ya nani?"

"Ya mzee. Hajalipa kodi ya kichwa."

"Sasa kodi ya mzee inamhusu nini ng'ombe wangu?"

Dereva akasema yeye ametumwa kuleta salamu, hakutumwa kujibu maswali.

Mume wangu alikuwa Tura siku hizo, wakibadilisha mataruma ya reli. Nilimpelekea habari kwa mtu wa gari moshi, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo: "Siwezi kuacha kazi, nenda mwenyewe, kwani ng'ombe ni wako." Nililirudia jibu hilo kwa sauti, peke yangu, jikoni. Ng'ombe ni wako! Mwaka mzima kila kitu ni chake au ni chetu, siku serikali inapoweka mkono ndipo nagundua kwamba na mimi ni tajiri.

Nikaenda. Nilikaa juu ya magunia ya karanga mpaka Nzega, nikapata lori jingine mpaka Igunga, nikamalizia kwa miguu. Nilifika Choma vumbi limenikaa mpaka kwenye kope, na zizi lilikuwa tupu. Mke wa mzee alikuwa akifagia uwanja kana kwamba kuna mgeni wa heshima anayekuja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari."

"Mama, ilikuwaje?"

Akaweka ufagio chini. "Alikuja tarishi wa baraza. Mzee alikuwa porini. Akaniuliza, ng'ombe huyu wa nani? Nikamwambia, wetu."

"Mama! Ukamwambia wenu?"

"Ningemwambia wa nani? Nikutaje wewe kwa mtu mwenye kofia ya serikali, aje akufuate mpaka Tabora?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilikuficha, mwanangu."

Mtu amekulinda kwa moyo wake wote, na kwa kukulinda huko amekupotezea mali yako yote. Ukimkaripia ni wewe mkosaji. Ukinyamaza, unapasuka. Nilinyamaza, nikanywa uji alionipa, nikapasuka ndani kwa ndani.

Kesho yake tukaenda barazani, mimi na mzee. Baraza lenyewe silitaji, na wala halipo tena. Mtemi alikuwa ameitwa Nzega kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, kwa hiyo kila neno lilikuwa la karani, kijana aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Nyuma ya nyumba, katika zizi la miiba, nilimwona mwekundu wangu amesimama juani, tumbo limeshuka, na karibu naye hapana hata jani moja.

Tulisubiri kwenye benchi nje. Mzee akaanza kunisimulia habari za babu yake aliyekuwa mpagazi, akibeba pembe kutoka Tabora kupita Tura na Ugogo mpaka pwani. "Kila mtemi njiani alitaka hongo yake," akasema. "Nguo, shanga, nyaya. Babu alilalamika sana. Lakini angalau ukishalipa, unapita. Hii ya sasa unalipa na unabaki palepale, na mwakani wanakuja tena."

"Baba, tafadhali," nikamwambia, "usiyaseme hayo ndani."

Tukaitwa. Nikaeleza, kwa upole nilioazima sijui wapi, kwamba ng'ombe ni wangu, mzee ni mfugaji tu, na kodi anayodaiwa mtu hailipwi kwa mali ya mwingine.

Karani akatabasamu. "Mwanamke wa Cheyo ana ng'ombe Choma."

"Ndiyo. Nilipewa na baba yangu."

"Na mke wa mdaiwa kamwambia tarishi kwamba ng'ombe ni wao. Nimeliandika neno hilo."

"Hiyo ni desturi, bwana karani. Wewe si mtu wa huku? Hujui?"

"Desturi naijua," akasema. "Lakini desturi hailipi kodi. Dawa ya deni ni kulipa. Una mashahidi?"

Mashahidi! Walikuwepo majirani watatu waliofuata ng'ombe wao kunywa maji karibu hapo. Nilifurahi kuwaona, maana wote walimjua baba na wote walijua yule ng'ombe alitoka wapi. Wakaitwa mmoja mmoja. Wa kwanza akaulizwa ng'ombe ni wa nani, akavua kofia, akasema kwa heshima kubwa, "Ng'ombe wa zizi la mzee ni wa mzee." Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hata hakunitazama, na alipotoka aliniminya mkono kwa siri, kana kwamba amenifanyia wema mkubwa ambao nitamshukuru siku moja. Nilitaka kulia. Nchi nzima ilikuwa na adabu, na adabu yao ilikuwa inamsukuma ng'ombe wangu mnadani.

Ndipo mzee aliposimama. "Bwana karani, hawa wananisitiri. Ng'ombe ni wa huyu binti. Nilimpokea kwa mkono wa baba yake. Mimi nakunywa maziwa yake tu."

Karani akaweka kalamu chini. Nadhani alimwamini, maana mwanamume wa kwetu hasimami mbele ya watu kujitangaza hana ng'ombe kama si kweli. Kwa kitambo nikaona mwisho wa safari. Kisha karani akauliza, "Kwa hiyo wewe huna chako chochote katika ng'ombe huyu?"

Mtu mwingine yeyote angesema hapana, tukaenda zetu. Mzee wa Choma akafikiri. Akatazama dirishani, kule zizini. Akasema, "Ng'ombe si wangu. Ila tumbo ni langu."

Niliweka kichwa mikononi.

Karani alipoelezwa mapatano yetu alichangamka, akawa kama mtu aliyepata chumvi mahali pasipo duka. Basi, akasema, jambo limekwisha na kila mtu atapata haki yake. Ng'ombe ni wa mama wa Cheyo, serikali haina haja naye. Mimba ni ya mdaiwa, na serikali inaishika mimba.

"Utaishikaje mimba bila kumshika ng'ombe?" nikauliza.

"Haiwezekani," akasema, tena kwa furaha. "Kwa hiyo ng'ombe atabaki hapa mpaka azae. Akizaa, ndama atanadiwa, wewe utamchukua mama yake."

"Na atakula nini hapa?"

"Ng'ombe si wako? Mlishe."

Hivyo ndivyo mimi, mke wa mtu wa Tabora mwenye cherehani, nilivyobaki Choma kiangazi kukata majani makavu bondeni na kuyabeba kichwani mpaka barazani, kumlisha ng'ombe wangu mwenyewe aliyefungwa kwa kodi ya mtu mwingine. Tarishi alikaa kivulini akinitazama. Siku moja alinishauri nikate upande wa mto, ndiko majani mazuri. Mzee alibeba maji. Kila nilipomwangalia alivyokuwa akimnywesha, akimpigia mluzi taratibu kama alivyozoea, hasira ilinipanda upya. Tumbo ni langu! Nani alikuuliza?

Mtaniuliza kwa nini sikumlipia hizo shilingi yakaisha. Ningekuwa nazo ningemlipia, kwa ajili ya baba kama si kwa ajili yake. Nilikuwa na nauli ya kurudi, basi. Nilimwambia karani mshahara wa mume wangu ukitoka nitazileta, akanijibu kwamba Kaisari hangoji mshahara wa mtu wa Tura. Alikuwa amesoma misheni, na hayo ndiyo aliyotoka nayo huko.

Halafu siku moja karani alituma tuitwe. Alikuwa amewaza, akasema, na ameona shida. Ndama mchanga hanunuliki. Nani atanunua ndama asiyeacha ziwa? Itabidi ng'ombe abaki katika zizi la baraza mpaka ndama aachishwe.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mvua zikipita."

Hapo maji yakanifika shingoni. Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka kwenye duka la Mwarabu ng'ambo ya njia. Nikasema huyo ng'ombe atakufa, na ndama atakufa tumboni, halafu waje waniambie serikali itashika nini, ngozi? Nikasema mengine ambayo siyaandiki. Karani alisubiri nimalize kama mtu anayesubiri mvua ipite, mkono juu ya karatasi zake.

Mzee akanigusa bega nikae. Akasimama yeye.

"Bwana karani, nilisema vibaya siku ile. Hakukuwa na mapatano. Tumbo si langu."

"Ulisema ni lako."

"Mzee husahau. Baba yake huyu aliniambia ninywe maziwa tu. Ndama wote ni wake."

"Uongo!" nikasema. "Ni wa kwake, mimi mwenyewe nilikuwepo!"

"Mwanangu, nyamaza," akasema, bila kugeuka.

Karani akachukua kalamu. Hakuwa mpumbavu. "Unajua ukiwa huna mali ya kukamata utalipa kwa mwili?"

"Najua."

"Barabara ya Nzega wanahitaji watu."

"Naijua barabara ya Nzega."

Akaandikwa papo hapo. Mimi nikaendelea kubisha, nikaapa kwa Mungu na kwa kaburi la baba kwamba ndama ni wa mzee, na ikawa kichekesho kwa kila aliyekuwepo: wiki nzima napiga kelele kwamba ng'ombe ni wangu, na siku ninapopewa ng'ombe mzima, na tumbo juu yake, nakataa. Tarishi alinifungulia zizi. Mzee alikuwa ameshasimama pembeni na wale wengine wa kupelekwa barabarani, mkononi ana kibuyu tu. Nilipopita karibu naye, aliniuliza jambo moja. "Amekunywa maji leo?"

Nikamwambia bado. Akasema nimpeleke kwanza kisimani, asitembee na kiu akiwa mzito vile.

Mjue sikuwa na pa kumpeleka huyo ng'ombe ila zizi lilelile alilotolewa. Nilimrudisha kwa mke wa mzee, nikamkabidhi kamba. Aliipokea, akaitazama njia nyuma yangu aone nani mwingine anakuja. Nikamweleza. Akaketi chini, kisha akainuka akaenda kuziba pengo la miiba kwenye zizi.

Nilirudi Cheyo. Ndama alizaliwa mzee akiwa bado barabarani, na safari hii ng'ombe wa maskini alizaa jike, na ndama hakufa. Mzee aliporudi alikuwa amekonda, viganja vimepasuka kwa jembe na mawe. Mimi nikafunga safari nyingine, nikiwa na khanga ya mkewe na maneno niliyoyapanga njia nzima.

"Baba, shikamoo. Mtamba wako amekua."

"Marahaba mwanangu. Wako."

"Wako, baba. Yale ya barazani yamekwisha, hodi ya serikali imeshaondoka mlangoni."

"Nilisema barazani si wangu," akasema. "Watu walinisikia. Nikisema leo ni wangu, ndipo nitakuwa mwongo."

"Lakini siku ile ndipo uliposema uongo!"

Akatabasamu kwa upole wa kuudhi. "Siku ile nililipia neno langu. La leo nitalilipia nini?"

Nilibishana naye mpaka jua likaegemea. Niliita majirani, wakaja, wakakubali kila nilichosema na kila alichosema yeye. Nilimwacha mtamba pale na nikatangaza mbele yao kwamba ni wa mzee. Mwaka uliofuata tarishi alipopita akiuliza ng'ombe wa zizini ni wa nani, mzee, yule aliyekuwa akisema "wetu" juu ya kila ng'ombe wa watu, akamjibu wazi, kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, "Wa mama wa Cheyo." Kwa mara ya kwanza maishani ana ng'ombe wake, na ndiye anayemtangaza kuwa wa mwingine! Aliendelea hivyo kila mwaka. Kila nilipoletewa salamu hizo nilirusha mikono juu.

Miaka ikaenda. Siku moja, uhuru ukiwa bado haujaja, niliamka nikakuta wanaume wawili uani kwangu, wana wa mzee wa Choma, wameketi ukutani miguu imejaa vumbi, na nje ya ua ng'ombe wanne wekundu, uzao wa yule mtamba. Mmoja alikuwa na paji jeupe. Wakanisalimia. Wakaniambia baba yao wameshamzika, na kabla hajafumba macho alisema ng'ombe hawa wapelekwe kwa mwenyewe. Walikuwa wamewaswaga kutoka Choma mpaka Tabora.

Nikawatukana. Ndiyo, niliwatukana wafiwa, uani kwangu, machozi yananitoka. Nikawaambia ng'ombe hawa ni wa baba yenu, kila ukwato, kila mkia, rudini nao, gawaneni, oeni, fanyeni mtakalo.

Yule mkubwa aliniacha nimalize, kama baba yake alivyoniacha siku ile. Kisha akasema, "Mama, baba alilima barabara kwa ajili ya neno hilo. Unataka tulifute sisi?"

Majirani walikuwa wameshatoka. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakusema ng'ombe hao ni wa nani. Wote walikuwa wananingoja mimi.

"Wangu," nikasema. "Ni wangu. Nawapa nyinyi mnifugie."

Wakashukuru kwa mikono miwili. Wakanywa chai, wakawapeleka ng'ombe kisimani, wakaanza safari ya kurudi nao Choma.